Sikukuu ya Shukrani na Binti wa Mwoka Mikate

 

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za sikukuu moja ya Marekani iitwayo Sikukuu ya Shukrani. Huenda mmepata kusikia kwamba siku hiyo Wamarekani hukusanyika, kila mtu na jamaa zake, wakala ndege mkubwa aitwaye bata mzinga. Ni kweli. Lakini ajuaye habari za bata mzinga peke yake amejua habari za sinia, hajajua habari za walioketi kulizunguka. Mimi nataka tuwatazame hao walioketi, na hasa watoto; maana mambo ayaonayo mtoto nyumbani kwao siku ya furaha hayamtoki moyoni hata akiwa mzee.

Ili tusipotee katika maneno mengi, nitakusimulieni habari za mtoto mmoja tu. Jina lake Lydia Maria Francis. Alizaliwa tarehe 11 Februari, 1802, katika mji wa Medford, karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na biskuti zilizotoka katika tanuri lake zilijulikana hata nje ya mji. Hawakuwa watu wakubwa, wala hawakuwa mafukara. Walikuwa watu wa kazi. Lydia alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile.

Siku zile Sikukuu ya Shukrani haikuwa na tarehe moja kwa nchi nzima. Ilikuwa hasa desturi ya majimbo ya kaskazini mashariki, ambayo kwa pamoja huitwa New England. Kila mwaka gavana wa jimbo alitangaza siku, aghalabu katika Novemba, mavuno yalipokwisha kuingizwa ghalani. Asubuhi watu walikwenda kanisani, kisha wakarudi nyumbani kula. Nanyi mkumbuke kwamba huko wakati ule ndio mwanzo wa baridi kali. Ardhi yawa ngumu, theluji yaanguka, wala hapana jani liotalo shambani kwa miezi mingi. Mtu akitazama ghala yake siku ile ajua kama watoto wake watakula mpaka baridi iishe, au la. Kwa hiyo neno shukrani halikuwa neno la mdomoni tu. Nyuma yake palikuwa na hofu ya njaa, na furaha ya kuwa mwaka huu njaa haitaingia.

Kazi ya sikukuu ilianza siku nyingi kabla. Watoto wa New England walimenya matufaha, wakatoa kokwa katika zabibu, wakatwanga viungo, wakaleta kuni. Mtoto aliyefanya kazi hizo hakuhitaji kuhubiriwa kwamba chakula hakijileti chenyewe mezani. Mikono yake ilikuwa imekwisha kumwambia.

Sasa nisikilizeni vema, maana hapa ndipo kiini cha habari yangu. Katika nyumba ya yule mwoka mikate, karamu ya kwanza haikuwa ya wenyewe. Rafiki yake Lydia, bwana mmoja aitwaye Thomas Wentworth Higginson, aliyeandika habari za maisha yake, ametueleza kwamba usiku wa kuamkia Sikukuu ya Shukrani, wazazi wale walikuwa na desturi ya kuwaalika watu wote wa hali ya chini walioisaidia nyumba yao katika mwaka. Alikuja mwanamke aliyefua nguo. Alikuja mwanamke aliyeuza matunda ya mwituni. Alikuja mkata kuni. Walikuja vibarua wa tanuri. Jumla yao walikuwa watu ishirini au thelathini. Wakaketi katika jiko kubwa la nyumba, wakala kuku aliyeokwa ndani ya unga, na maboga yaliyookwa vivyo hivyo katika bakuli kubwa za maziwa, na maandazi tele. Nao hawakurudi mikono mitupu. Baba aliwapa mikate na biskuti, na mama akawapa vyakula alivyooka, asiwasahau watoto waliobaki nyumbani kwao. Hao nao walipelekewa maandazi madogo yenye matunda ndani.

Pamoja na watu hao alikuja Bibi Betty, mwalimu wa kwanza wa Lydia. Bibi Betty hakuolewa, naye alifundisha watoto katika chumba chake cha kulala, chumba ambacho hakikufagiwa sana. Alikuwa mwenye haya mno. Husimuliwa kwamba siku moja gavana alimwona akinywa maji mdomoni mwa birika, na jambo hilo likawa msiba mkubwa wa maisha yake. Lakini watoto walimpenda, na kila Jumapili walimpelekea chakula kizuri.

Basi mfikirini mtoto mdogo aliyesimama katika jiko lile. Hakuna aliyemwambia, "Kaa hapa nikufundishe shukrani." Aliona kwa macho yake kwamba kesho watakula wao, na leo wanakula wale ambao bila wao nyumba isingalikuwa na kuni wala nguo safi. Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hebu tuone alivyokua.

Furaha ya jiko lile haikudumu. Mwaka 1814, Lydia alipokuwa na miaka kumi na miwili, mama yake alifariki. Baadaye msichana akapelekwa kaskazini, katika nchi ya Maine, akakae na dada yake aliyekwisha kuolewa. Aliyemfungulia mlango wa elimu alikuwa kaka yake, Convers, aliyemzidi umri. Huyu alimpa vitabu, akazungumza naye habari za vitabu hivyo, na Lydia hakuacha kusema kwamba mapenzi yake ya kusoma aliyapata kwa ndugu yake. Katika zama zile wasichana hawakupokewa katika vyuo vikuu. Kwa hiyo kaka akawa chuo chake.

Lydia akawa mwandishi mashuhuri. Mwaka 1826 alianzisha gazeti la watoto, nalo likapendwa sana. Mwaka 1828 aliolewa na David Lee Child, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Lydia Maria Child. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kufundisha wanawake wasio na mali namna ya kuendesha nyumba bila kupoteza kitu. Laiti angeendelea hivyo, angalikula jasho lake kwa amani.

Lakini wakati ule Waafrika wengi walikuwa watumwa katika Marekani, na yule binti aliyemwona dobi akiketishwa kwanza hakuweza kutazama watu wakifanyishwa kazi maisha yao yote bila ujira wala asante. Mwaka 1833 alitoa kitabu cha kudai kwamba watumwa waachwe huru mara moja. Gharama yake ilikuwa kubwa. Watu waliomsifu jana walimpa kisogo. Maktaba moja aliyokuwa amekaribishwa kusoma ilimfungia mlango. Wazazi walilikataa gazeti lake la watoto, na mwaka 1834 likamtoka mkononi. Hakukana neno hata moja.

Mwaka 1844, akiwa na miaka arobaini na miwili, alitunga shairi la watoto juu ya Sikukuu ya Shukrani. Laeleza safari ya mtoto aendaye nyumbani kwa babu yake, akivuka mto na kupita msituni, katika gari lisilo na magurudumu ambalo farasi hulikokota juu ya theluji. Shairi hilo lilitiwa sauti likawa wimbo, na hata leo watoto wa Marekani huuimba. Yeye mwenyewe hakujaliwa kupata mtoto. Mama yake alikuwa amekufa miaka thelathini iliyopita. Ila ile njia ya kwenda kwa wazee haikufutika moyoni mwake, akawapa watoto wa watu wengine.

Ndugu zangu, kuna jambo jingine katika maisha ya mama huyu, nami naona lapita hayo yote. Mwaka 1860 aliletewa maandishi ya mwanamke aitwaye Harriet Jacobs, aliyezaliwa mtumwa katika North Carolina mwaka 1813, akatoroka kwenda kaskazini mwaka 1842. Harriet alikuwa ameandika maisha yake, akataka mtu wa kuyatengeneza yapate kuchapwa. Lydia akakubali.

Katika maandishi hayo Lydia alikutana na mwoka mikate mwingine. Bibi mzaa mama wa Harriet alikuwa mtumwa, na biskuti zake zilipendwa na majirani wote. Akaomba ruhusa kwa mwanamke aliyemmiliki, aoke biskuti usiku, kazi za nyumba zikiisha, aziuze. Akaruhusiwa, kwa sharti ajivike mwenyewe na kuwavika watoto wake kwa faida ile. Akaoka usiku baada ya usiku, akaweka akiba kidogo kidogo, shabaha yake ikiwa kuwanunua watoto wake mwenyewe wawe huru. Alipofikisha dola 300, yule mwanamke aliyemmiliki akazikopa, akaahidi kuzilipa upesi. Hazikulipwa kamwe. Fadhila ya punda ni mateke.

Bibi yule hakukata tamaa, naye hatimaye aliupata uhuru wake. Harriet alipomkimbia bwana wake, alifichwa katika nafasi finyu chini ya paa la banda, katika nyumba ya bibi huyo huyo. Humo hakuweza kusimama wima. Alikaa humo karibu miaka saba, akiwachungulia watoto wake kwa tundu dogo, nao hawakujua kama mama yao yu juu yao. Chakula alipitishiwa na bibi na jamaa wengine, kwa siri. Lau wangalijulikana, wangaliangamia.

Harriet alikuwa ameimaliza hadithi yake kwa habari za mambo makubwa ya siasa ya wakati ule. Lydia akamwandikia kumshauri aiondoe sura ile ya mwisho, amalizie kwa habari za kufa kwa bibi yake. Kitabu kikatoka mwaka 1861, na mwisho wake ni kumbukumbu ya yule mzee. Binti wa mwoka mikate alimtambua mwoka mikate. Aliona kwamba mtu akitaka kushukuru kwa maisha yake, hawezi kuishia kwa wakubwa wa dunia. Sharti arudi kwa yule aliyemlisha.

Mwaka 1861 ndio uliozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe katika Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865 na kuuvunja utumwa. Katika vita hivyo Sikukuu ya Shukrani ilifanywa ya nchi nzima, na hayo yalikuwa juhudi ya mwanamke mwingine. Huyu ni Sarah Josepha Hale, mjane aliyefiwa na mumewe mwaka 1822 akiwa na watoto watano wa kulea. Akafanya kazi ya kuandika na kutengeneza gazeti la wanawake, na kwa miaka mingi akawaandikia magavana na marais, akitaka taifa zima liwe na siku moja ya shukrani. Wengine hawakumsikiliza. Mwezi wa Septemba, 1863, alimwandikia Rais Abraham Lincoln, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo Lincoln akatangaza kwamba Alhamisi ya mwisho ya Novemba iwe siku hiyo. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1941, ikawa Alhamisi ya nne ya Novemba, na ndivyo ilivyo hata leo.

Tazameni, siku ya shukrani ya taifa ilitangazwa wakati nyumba nyingi zilikuwa na kiti kitupu. Lincoln hakujifanya asahau. Katika tangazo lile aliwataka watu wawakumbuke katika sala wajane, yatima na wenye msiba. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mwaka huu nimefiwa, sina la kushukuru." Mara nyingi kiti kitupu ndicho kitufundishacho thamani ya viti vilivyojaa, na kumshukuru aliyeondoka ni namna ya kumweka pamoja nasi.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningekuambieni upande mmoja tu. Wamarekani wakiulizwa asili ya sikukuu hii, wengi hutaja karamu ya mwaka 1621 katika mji wa Plymouth. Waingereza 102 walikuwa wamevuka bahari mwaka 1620 katika merikebu iitwayo Mayflower, na katika baridi ya kwanza karibu nusu yao walikufa. Waliosalia walisaidiwa na wenyeji wa nchi, kabila la Wampanoag. Mmoja wao, Tisquantum, aliwaonyesha namna ya kupanda mahindi. Mtu huyu alikuwa amekamatwa na mabaharia Waingereza mwaka 1614, akapelekwa Ulaya kuuzwa. Aliporudi mwaka 1619 alikuta kijiji chake kizima kimekwisha kwa maradhi. Hapana mama, hapana ndugu. Na mji wa wageni ulijengwa mahali pale pale penye kijiji hicho. Aliyekosa jamaa ndiye aliyewasaidia wageni kulisha jamaa zao.

Mavuno yalipopatikana, wageni wakafanya karamu, na Massasoit, mkuu wa Wampanoag, akaja na watu wake kiasi cha tisini, wakaleta nyama ya paa watano, wakala pamoja siku tatu. Ni habari njema. Lakini miaka hamsini na minne baadaye, mwaka 1675, watoto wa waliokula pamoja walipigana vita vikali. Mwana wa Massasoit, aliyeitwa Metacom, aliuawa mwaka 1676, na mkewe na mwanawe mdogo wakatekwa. Mtoto yule, mjukuu wa mwenyeji wa kwanza, akahukumiwa kuuzwa utumwani. Kwa ajili ya hayo, tangu mwaka 1970 Wampanoag na wenyeji wengine wamekuwa wakikusanyika Plymouth siku ile ile ya Shukrani, kwao ikiwa siku ya maombolezo. Lydia naye alilikumbuka deni hilo. Mwaka 1868, akiwa mzee wa miaka sitini na sita, alitoa kitabu cha kuwatetea wenyeji wa Marekani. Alifariki mwaka 1880.

Je, habari za nchi ya mbali zatufaa nini sisi? Zatufaa, maana jambo lenyewe si geni kwetu. Waislamu hutoa fitri kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye apate kula siku ile. Yaani mwenye nacho hatangulii kushiba. Wakristo siku ya mavuno huleta kanisani mahindi, viazi, kuku na mayai, malimbuko ya jasho lao. Wote wamefundishwa neno lile lile lililofundishwa katika jiko la Medford: kabla hujafurahi kwa ulicho nacho, tambua kimepita katika mikono ya nani.

Nawe msikilizaji, hesabu mikono hiyo. Ni nani aliyekupokea siku ya kuzaliwa kwako? Ni nani aliyekubeba mgongoni huku akilima? Ni dada gani aliyeacha shule ili ada yako ipatikane? Nani alikufundisha herufi ya kwanza? Nani hukutekea maji, hukuchungia ng'ombe, hukukatia kuni? Mtu akishapata cheo huona haya kuwataja watu hawa, na wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa ajili ya unahodha. Wengine wao wangali hai, wameketi barazani, nao hawajapata kusikia asante midomoni mwetu. Twawawekea maneno mazuri ya siku ya maziko, na siku hiyo hawayasikii.

Nanyi wazazi, mtakapopata karamu, ikiwa ya harusi au ya mavuno, waiteni kwanza waliofanya kazi, tena waketisheni mahali pa heshima, mtoto akiona. Msimweleze sana. Mpeni sahani aipeleke yeye mwenyewe kwa mikono miwili, amkute mzee, amwamkie, ampe. Atakuja kusahau mengi mliyomwambia, lakini hilo hatalisahau.